Kila Mtu na Kigoda Chake

Mwanangu Yunis,

Marahaba. Najua ungekuwa hapa ungeanza na shikamoo, ingawa tangu Jumapili shikamoo zako umekuwa ukinitupia huku unapita, kama mtu anayelipa ushuru wa soko. Nimezipokea zote. Mama hachagui shikamoo.

Umetoka baada ya chai ya jioni bila kusema unakwenda wapi. Nadhani uko kanisani, maana wanakwaya walisema watakuimbia kabla hujashuka Kilosa kesho kupanda gari la Mikumi, uanze kazi kwenye zahanati ya huko. Baba yako yuko uani anafunga sanduku lako kwa kamba ya katani, anavyolikaza utadhani ndani yake kuna mbuzi anayetaka kutoroka. Nami nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Sema huko kukaa kwenyewe ni kwa taabu, kwa sababu kigoda cha jikoni sikioni. Nimekitafuta mpaka nyuma ya kuni. Mwishowe nimeigeuza ndoo nikaikalia, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda usidhani ni uzee.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa. Nesi ni wewe, si mimi. Wala sitakuandikia habari za madereva wa malori wanaolala Mikumi, maana shangazi zako wamekwisha kukuonya mpaka naogopa wamekutia hamu ya kuwaona. Mwavuli nimekuwekea. Yaliyobaki utayajulia huko huko.

Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilonijibu Jumapili jioni. Tangu siku hiyo nimeshindwa kulijibu kwa mdomo, na kesho utaondoka.

Turudi nyuma kidogo. Kipindupindu kimetajwa kule bondeni, mchungaji akapanda kutoka mjini, akasema vibuyu chirizi virudi mlangoni kama enzi za corona. Tukafunga madumu yetu kwenye vijiti, sabuni ikaning'inizwa kwa uzi, na kwa kuwa kanisa limepata nesi wake mwenyewe, mtoto wa hapa hapa, nesi akaombwa asimame pale. Ukasimama na lile gauni lako jeupe. Nilijivuna, sitaki kusema uongo. Nilijifanya kutafuta leso kwenye mkoba, macho yakiwa kwako, ili akina mama wageuke waangalie nilikokuwa naangalia mimi.

Ndipo akaja Mzee Lameki na mkungu wake wa ndizi begani, sadaka ya kwenda kunadiwa baada ya ibada. Ulikuwa umekwisha sikia kwamba mjukuu anayeishi naye anaharisha. Ukamwambia, kwa sauti iliyofika mpaka madhabahuni, "Mzee, nyumbani kwako kuna mgonjwa wa kuhara. Huingii. Rudi nyumbani."

Akautua mkungu kizingitini, akavua kofia, akaivaa tena, akageuka. Wakati wa mnada tuliwanadi kuku, tukanadi maboga na mayai, watu wakacheka kama kawaida yao. Ule mkungu hakuna aliyeuinua.

Jioni nikakwambia, "Yunis, yule mzee ungemwambia pembeni."

Ukasema, "Mama, taratibu ni taratibu. Angeingia angewagawia ugonjwa benchi zima."

"Sijasema aingie."

"Kwani wewe hukumrudisha Bibi?"

Nikachukua sufuria nikaenda kuisugua, na sufuria yenyewe ilikuwa safi. Uliniona, usijifanye hukuniona.

Basi jibu ni ndiyo. Nilimrudisha Bibi yako mlangoni mwa kanisa, mbele za watu, nawe ulikuwa umemshika mkono. Lakini ulikuwa mtoto. Uliuona mlango tu. Yaliyokuwa moyoni mwangu hukuyaona, na mengi yaliyofuata ulikuwa shuleni au umelala. Nataka uyachukue yote, usiende Mikumi na kipande.

Corona huku kwetu ilifika kwa simu kabla haijafika kwa mtu. Kila aliyekuwa na simu kubwa alikuwa na video ya kutisha na dawa ya kujifukiza. Tulipiga nyungu mpaka mikaratusi ya njiani ikabaki matawi matupu, na baba yako alikunywa tangawizi mpaka akashikwa na kwikwi ya kutwa nzima. Serikali haikufunga makanisa, kwa hiyo kila kanisa likabaki na maamuzi yake. Mchungaji wetu, mwenye makanisa ya vilima vingi na pikipiki moja, alikuja akatuketisha wazee wa kanisa, akasema tusali kwa akili. Watu wanawe mikono. Waketi mbalimbali. Walio upande wa mtoni wasali mapema, wa juu wasali baadaye. Tusishikane mikono ya amani, tuinamiane tu. Mnada usimame, maana pale watu husongamana. Na vikongwe wabaki majumbani, kwa sababu wao ndio ugonjwa uliokuwa ukiwachukua.

Halafu akauliza nani atasimama mlangoni. Wenzangu wote wakaangalia viatu vyao. Mimi nikainua mkono.

Watu walisema Mama Yunis ana moyo wa kujitoa. Nikuambie ukweli: nilipenda. Nilipenda kuona mtu mzima mwenye mashamba yake ananikaribia polepole, ananyoosha mikono niimwagie maji, kisha ananiangalia usoni kujua kama amefaulu. Nyumbani kwetu nilizaliwa katikati ya wavulana, sikuwahi kuulizwa kitu. Sasa nilikuwa na barakoa, na chaki ya kuwekea alama kwenye mabenchi, na neno langu likisemwa linafuatwa. Taratibu zenyewe zilikuwa nzuri na leo ningezirudia zote. Ila mimi nilizishika kama mtu aliyeshika fimbo.

Bibi yako unajua yeye ni nani katika lile kanisa. Kinanda hatuna. Kwaya ina nyimbo zake, lakini wimbo wa kusanyiko huanzia kooni kwa Bibi, na umeanzia hapo tangu kabla sijaolewa nikaletwa kilima hiki. Mwinjilisti hutaja namba, watu hunyamaza, Bibi huinua kidevu kidogo, ndipo wimbo hutoka. Sisi wengine tunafuata tu, hata hatujui kama tunafuata.

Jumapili ile mlikuja naye mkono kwa mkono, amejitanda kitenge chake cha bluu. Tangazo alikuwa hajalipata, au alilipata akadhani linawahusu wazee wengine. Nikamwambia kutoka pale nilipo, na hiyo sauti ya kufika madhabahuni umeirithi kwangu, usitafute kwingine:

"Mama, wazee hawaruhusiwi."

Akauliza, "Hawaruhusiwi na nani?"

Nikasema, "Na kanisa."

Akasema, "Kumbe."

Mkageuka, mkashika njia ya juu. Nilitazama visigino vyake mpaka pale njia inapopinda, kisha nikamnawisha aliyefuata. Uso wangu wote ulikuwa nyuma ya barakoa, kwa hiyo hata uso sikumpa.

Ibada ikaanza. Mwinjilisti akataja namba ya wimbo, tukanyamaza kama kawaida. Tukaendelea kunyamaza. Watu wakaanza kutazamana juu ya barakoa. Hapo ndipo baba yako, Mungu amsamehe, akaamua kuwa mwanaume. Akaanzisha yeye. Aliuanzia juu mno hata ulipofika ubeti wa pili waliobaki ni wanawake wachache wanaopiga kelele kama vifaranga. Mtu mmoja wa nyuma akaona atuokoe, akauanza upya kwa chini. Tukawa na nyimbo mbili ndani ya kanisa moja, na hakuna upande uliokubali kushindwa. Watu walicheka. Nami nilicheka, kisha nikaangalia benchi la mbele, lile ambalo nililipiga chaki mwenyewe, nikaacha kucheka.

Sasa sikiliza kosa langu la pili, maana hilo ndilo hukuliona. Baada ya Jumapili ile nilimhudumia Bibi vizuri sana. Nilimpelekea unga na sabuni, na maji nilimtekea. Nilikuwa napanda mpaka nyumbani kwake pale juu, naweka vitu kizingitini, nasema "Mama, hodi, vitu hivyo," nashuka mbio kabla hajatoka. Nilijisifu. Nikasema namlinda. Na kweli corona haikumpata. Lakini unga ukawa unakutana na unga ambao haujaguswa. Bustani yake, iliyokuwa haina hata jani la magugu, ikaota magugu. Nikawasikia akina mama wengine wakisema hayo hayo juu ya wazee wao: huyu hali, huyu analala mchana, huyu anaongea na kuku. Hatukuwa tumejua kwamba Jumapili ndiyo iliyokuwa ikiwashika wiki nzima. Tuliwaondolea ile siku moja, zile nyingine zikakosa pa kuegemea.

Baada ya mavuno nikapanda lori na magunia ya maharage kwenda Mikumi. Nililala kwa rafiki yangu mmoja mwenye kibanda cha chakula pale barabarani, na Jumapili akanipeleka kanisani kwake, kanisa dogo la mabati, si mbali na maegesho ya malori. Mabenchi walikuwa wameyatoa nje, watu wameketi kwa nafasi uwanjani. Mlangoni pa uzio alisimama mama mmoja mnene, na ndoo yake yenye koki. Nikamtazama kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake.

Akaja dereva wa lori, kijana, anatokea mpakani Tunduma. Siku zile madereva waliogopwa kuliko simba wa mbugani. Nyumba nyingine za wageni zilikuwa zinawafungia milango. Yule mama akainua kiganja, akamzuia. Moyoni nikasema, safi sana, mwenzangu.

Kisha akaniacha mdomo wazi. Alimsogelea kidogo, si sana, akamwambia kwa sauti ambayo sisi wa benchi la nyuma ndio tuliisikia kwa shida, "Kaka, naomba usiingie katikati ya watu. Ngoja." Akaenda kuchukua kiti cha plastiki, akakifuta kwa upindo wa kanga, akakiweka nje ya uzio penye kivuli, pale ambapo mtu anaona na kusikia. Yule kijana akakaa. Nikadhani imeisha. Mama yule akarudi akachukua kiti cha pili, akakiweka hatua kadhaa kutoka kwa yule dereva, upande ule ule wa nje, akakaa yeye. Akasali ibada nzima huko nje pamoja naye. Namba ya wimbo ikitajwa, anampigia kelele ukurasa. Wakati wa amani wakainamiana, wao wawili, nje ya uzio.

Mahubiri ya siku ile usiniulize, sikusikia hata neno. Nilikuwa namwona Bibi yako anapinda njia. Na nikaelewa kwamba kosa langu halikuwa kumzuia. Ilibidi azuiwe. Kosa ni kwamba nilimzuia halafu mimi nikabaki ndani.

Nikarudi nyumbani nimejaa toba mpaka kooni. Nikakamata yule mtetea mweupe, maana mkwe hamwendei mama mkwe kuomba radhi mikono mitupu, nikapanda. Nikasimama mwisho wa ua na barakoa yangu, nikasema maneno niliyoyapanga njiani kutoka Mikumi. Yalikuwa mazuri. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema:

"Kuku nimemwona. Wewe bado sijakuona."

Nilishuka nimefura. Nikamwambia baba yako, "Mama yako ana kiburi." Alikuwa anatafuna muwa. Akauliza, "Ulikaa?" Nikasema, "Nikae wapi, na corona hii?" Akaendelea kutafuna muwa wake. Baba yako hajui kuanzisha wimbo, lakini kuna siku anajua kunyamaza.

Usingizi haukunijia vizuri. Kesho yake nikachukua kigoda cha jikoni, hiki hiki ninachokitafuta leo, nikapanda nacho kichwani. Nikakiweka mwisho wa ua wa Bibi, penye upepo, nikakaa. Nikashusha barakoa ili anione. Yeye alikuwa mlangoni kwake anapukuchua mahindi. Nikakaa mpaka kivuli kikahama. Nilipoinuka akasema, "Kesho uje na ungo wako." Nikaja na ungo wangu. Akanisogezea mahindi kwa mguu, nikapukuchua yangu, naye ya kwake. Siku hizo ndizo nilizomjua yule mwanamke, Yunis. Miaka yote ya ndoa nilikuwa nampikia na kumwogopa, sikuwa nimemjua.

Siku moja akaniuliza, "Jumapili ile mliimbaje?" Nikamsimulia. Nilipofika pale baba yako anaanzisha, Bibi alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Akasema, "Huyo hata nilipomzaa, kilio chake alikianzia juu mno." Tukacheka wote, machozi yakatutoka, mengine ya kicheko, mengine si ya kicheko. Nikamwambia, "Mama, haikuwa kanisa. Ilikuwa mimi." Akasema, "Najua. Kanisa halina sauti kama ile."

Mengine uliyaona mwenyewe, ila labda hukujua yalikotoka. Akina mama waliponiona napanda na kigoda wakanicheka, wakasema Mama Yunis amefukuzwa jikoni. Halafu mmoja akachukua cha kwake akaenda kwa mama yake. Kabla ya mvua kuanza, kila Jumapili baada ya ibada ulikuwa unaona wanawake wanatawanyika vilimani na vigoda vichwani. Mtu anakaa mwisho wa ua, hamgusi mwenyeji, haingii, hali kitu, lakini amekaa. Ukikaa juu ya kigoda chako mwenyewe, mwenye nyumba hasumbuki kukutafutia pa kukaa, wala hana namna ya kukufukuza upesi.

Na lile la reli lilikuwa la Bibi mwenyewe. Akaniambia, "Kile kipande cha reli mnachogonga kuita watu, mimi nakisikia hadi hapa. Kigongeni, kisha msubiri. Nitaanzisha kutoka huku." Nikadhani ni utani. Jumapili mwinjilisti akaigonga reli, tukatoka wote nje ya kanisa, tukasubiri. Nikasikia ule uzi mwembamba wa sauti unashuka kutoka kwa Bibi. Watu wa nyumba ya jirani yake wakaudaka, wakaupitisha kwa wa chini yao, ukavuka korongo, wazee waliozuiwa wote wakiwa wamesimama kila mtu uani kwake. Ulipotufikia sisi kanisani tulikuwa ubeti wa kwanza, na Bibi alishafika wa tatu. Haukuwa wimbo mzuri. Ulikuwa kama makande, mahindi huku maharage kule. Jirani yetu Mama Zaina, ambaye ni Mwislamu, aliniambia ulimkuta bombani akatua ndoo asubiri uishe. Mimi sikuweza kuimba. Nililia pale pale mlangoni nikiwa na sabuni mkononi, kwa furaha, na sikujali nani ananiona.

Alipofariki mke wa Mzee Lameki, kwa presha, si kwa corona, hatukulala matangani kama desturi. Mchungaji alisema tuzike upesi na tusijazane ndani. Watu waliogopa kwamba huo utakuwa msiba wa mbwa. Lakini tulimjia Mzee Lameki na vigoda vyetu, tukakaa katikati ya mabua ya mahindi, mmoja hapa, mwingine kule, shamba zima. Yeye akakaa mlangoni anatuona wote. Alikuja kuniambia baadaye kwamba kwenye misiba mingine mfiwa huwa haoni watu, anaona migongo. Siku ile aliona nyuso zote.

Ndiyo maana Jumapili iliniuma, mwanangu. Mzee yule anajua vizuri zaidi yetu maana ya kukaa mwisho wa ua. Najua Jumatatu ulimtuma mhudumu wa afya na dawa ya kuchanganya na maji, na mtoto amepata nafuu. Kazi yako uliifanya. Lakini na mimi unga niliupeleka, nikauweka kizingitini, nikashuka mbio.

Ulipoyasema yale ya Bibi nilikasirika kwanza, nikasema moyoni, nyani haoni kundule. Halafu nikajiuliza nyani ni nani hapo, mimi au wewe, nikaona tuko wawili. Na kesho unakwenda Mikumi kwenye nyani wenyewe, utatukuta jamaa wengi.

Utasimama mlangoni, Yunis. Zahanati ile iko barabarani, na barabara haichagui inachobeba. Utawazuia watu. Usiogope kuzuia, maana woga wa kuzuia nao unaua, na sitaki urudi huku umekuwa laini kama uji. Ila unapomzuia mtu usiseme "serikali," usiseme "taratibu." Mimi nilisema "kanisa" nikajificha nyuma yake, na lile jina kubwa likaumia kwa ajili yangu. Sema, "Mimi Yunis naomba usiingie." Utaona jinsi sauti inavyoshuka yenyewe ukitaja jina lako. Halafu mtazame anapokwenda kukaa. Kama hana pa kukaa, hiyo nayo ni kazi yako, hata kama hawakukufundisha chuoni.

Bibi alirudi kanisani kwa miguu yake mambo yalipotulia. Na mpaka leo, unajua mwenyewe, kila Jumapili akifika mlangoni anasimama, ananiuliza, "Naruhusiwa?" Nami namjibu, "Na nani?" Kisha anacheka, anapita. Watu wanadhani ni utani wa mkwe na mkwe. Ni utani, lakini kila anaponiuliza moyo wangu hutulia upya, kwa sababu asingekuwa amenisamehe asingeuliza.

Nilitaka nikuombe jambo moja tu. Kesho bodaboda ikifika njia panda ya mtoni, umwambie asimame, ushuke, upite kwa Mzee Lameki hata

Hapo nimekatizwa. Amekuja mwanakwaya mmoja, anauliza, "Shikamoo Mama Yunis, dada Yunis yuko wapi? Tumemsubiri mpaka tumeimba nyimbo zote." Nimebaki nimeshika kalamu. Kumbe hukwenda kanisani.

Nimetoka nje. Giza lilikuwa linaanza kuingia, lakini ule upande wa mtoni bado unaonekana, na gauni jeupe halijifichi. Uko uani kwa Mzee Lameki, mwisho kabisa, penye migomba. Yeye amekaa mlangoni kwake, mtoto yuko magotini pake. Sisikii mnachosema. Nimeona mkono wake unapunga hewani anavyofanya akisimulia, na kichwa chako kimeinama kumsikiliza, na umekaa chini chini, magoti juu.

Nimekiona kigoda changu.

Nimerudi ndani. Ule mstari wa kukutuma sikuumalizia, na sitaumalizia. Sitakuuliza ulikuwa wapi. Ukiingia nitakwambia chakula kiko tayari, nawe unipe shikamoo ya kweli, inatosha. Ila kigoda usikirudishe jikoni. Nimemwambia baba yako alegeze kidogo ile kamba yake akifunge juu ya sanduku, uende nacho Mikumi. Amenuna kwa sababu fundo lake lilikuwa limekaa vizuri, lakini analegeza.

Sisi tutachonga kingine. Kwa leo mimi ndoo inanifaa.

Mama yako